Msaidizi wa akili unde kwa nyumba za wageni Malindi: nyota 3 kati ya 5

Kwa kujibu wageni WhatsApp usiku, inafaa sana. Kasoro iko kwenye mkataba, ulioandikwa kwa sheria za majimbo ya Marekani. Utah, tangu 2024, mteja akiuliza kama anaongea na mashine lazima aambiwe. Colorado ilipitisha sheria yake ya akili unde mwaka huohuo, kisha ikaiahirisha. Sheria moja pana ya shirikisho hakuna, basi masharti hubadilika kila mara.

Ila mwenye nyumba Malindi anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Kifungu cha 35 ndicho cha kusoma: uamuzi wa mashine pekee ukimwathiri sana mgeni, ajulishwe kwa maandishi, na aweza kuomba uangaliwe upya. Kwenye mipangilio, zima ukataaji wa otomatiki wa maombi ya wageni. Nakala za pasipoti zisipite humo kabisa.