Amana ya benki au pensheni ya kila mwezi: njia mbili za mstaafu nchini Tailandi

Mgeni aliyetimiza miaka 50 anayeomba kuongezewa mwaka wa kukaa Tailandi kwa ajili ya kustaafu huchagua hasa kati ya njia mbili: kuweka baht 800,000 katika benki ya nchini humo, au kuthibitisha kipato cha baht 65,000 kila mwezi.

Amana inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa fedha hizo zinapaswa kuwa zimekaa kwenye akaunti ya mwombaji mwenyewe kwa miezi miwili kabla ya maombi na, kwa masharti yaliyoanza 2019, zisiguswe kwa miezi mitatu baada ya kibali kutolewa, kisha salio lisishuke chini ya baht 400,000 mwaka mzima. Wengi hufika benki asubuhi ya siku ya maombi, wakaweka hata baht 100 ili kitabu cha benki kichapwe tarehe ya siku hiyo, kisha wakachukua barua ya benki.

Njia ya kipato haifungi akiba, lakini raia wa Marekani, Uingereza na Australia, ambao balozi zao ziliacha kutoa barua za kuthibitisha kipato, hulazimika kuonyesha fedha zikiingia kutoka nje mwezi baada ya mwezi.

Kwa maoni yangu, mwenye akiba ya kutosha achague amana, maana mwezi mmoja pensheni ikichelewa, au thamani ya baht ikipanda, kipato kinaweza kupungukia kiwango.