Mashine ya Kuvuta Vumbi la Mbao: Kagua Mpira Kabla ya Kulipa

Mwaka jana nilinunua mashine ya kuvuta vumbi kwa ajili ya karakana yetu ya samani hapa Keko, ya aina ile inayochuja hewa na kuirudisha ndani, kwa kuwa ukuta wa nyuma tunauchangia na jirani na hatuna pa kupitishia bomba. Boksi lilijinadi kwamba kichujio kinazuia asilimia 99.95 ya vumbi. Wiki ya pili, fundi wa msasa alikuwa akipiga chafya kila tulipofanyia kazi mvule. Nilipopitisha kitambaa cheupe kwenye tundu la kutolea hewa, kilitoka na rangi ya chai ya rangi.

Kichujio chenyewe kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa mpira unaokizunguka, ambao haukukaa vizuri kwenye bodi hata karatasi ya daftari ikapita. Kichujio cha namna hiyo huachia sehemu 5 katika kila 10,000, lakini asilimia 1 tu ya hewa ikipenya pembeni, huingiza sehemu 100, na kadiri kichujio kinavyoziba ndivyo hewa inavyoukimbilia upenyo huo. Tangu 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, kwa hiyo hewa inayorudi puani si jambo la kubahatisha.

Nafasi ya kwanza naipa Festool CTM 26, na sifichi upendeleo wangu. Ni ya daraja M, yaani hupitisha chini ya asilimia 0.1 ya vumbi, na hupiga king'ora kasi ya hewa kwenye bomba inaposhuka chini ya mita 20 kwa sekunde. Tangi lake la lita 26 ni dogo kwa randa kubwa, ila kwa msasa na msumeno wa mkono sijaona mfano wake. Makita VC4210M, nayo ya daraja M na yenye lita 42, naiweka ya pili. Zile za mfuko wa kitambaa, ambazo ndizo rahisi, zinafaa kukusanya maranda tu, tena nje. Kumbuka pia kwamba hakuna hata moja kati ya hizi inayokamata harufu ya vanishi.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Neno hepa, yaani kichujio cha kunasa vumbi laini kabisa, hubandikwa kwenye kila boksi, lakini ukiomba kufunguliwa mfuniko ili uutazame mpira, unaambiwa utaharibu mzigo. Mimi niliporudi kuulizia mpira peke yake, nilijibiwa kwamba hauuzwi bila kichujio kizima, na kichujio kilikuwa karibu nusu ya bei ya mashine. Sasa inavuta maranda ya randa barazani.