Fidia ya vitabu vya kidijitali: nyota nne kwa wanasheria wakuu wa majimbo

Kati ya huduma zote za serikali nilizowahi kupata hapa Marekani, hii naipa alama za juu, na sikuiomba. Juni 2016 nilifungua akaunti yangu kwenye duka la vitabu mtandaoni nikakuta nimewekewa salio: dola 6.93 kwa kila kitabu kilichowahi kuingia kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana, na dola 1.57 kwa vingi vya vile vingine. Sikujaza fomu, sikutafuta risiti, sikumlipa wakili.

Tuliokuwa tukinunua riwaya mpya za kidijitali mwaka 2010 tunakumbuka bei ilivyoruka kutoka dola 9.99 hadi 12.99, nyingine 14.99. Mwaka 2012 Wizara ya Sheria iliwashtaki Apple na wachapishaji wakubwa watano kwa kula njama ya kupanga bei. Majimbo nayo, yakiongozwa na Texas na Connecticut, yakafungua kesi yao, na hiyo ndiyo iliyotufaa sisi wasomaji. Wizara ilitaka mchezo ukomeshwe. Majimbo yalitaka pia tulipwe. Sheria ya 1976 inampa mwanasheria mkuu wa jimbo uwezo wa kushtaki kwa niaba ya wakazi wake, na akishinda, fidia ni hasara mara tatu. Nani angekwenda mahakamani peke yake kudai dola tatu alizopunjwa? Wenye kupanga bei wanalijua hilo, na ndiyo maana nguvu hii ya majimbo naithamini sana.

Wachapishaji walikubali kulipa mapema, jumla kama dola milioni 166. Apple walipambana hadi mwisho. Jaji Denise Cote aliamua dhidi yao mwaka 2013, rufaa ikagonga mwamba 2015, na Machi 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kuwasikiliza. Wateja wakatengewa dola milioni 400.

Nyota moja nimeibana. Kusubiri miaka sita ni kurefu mno, na salio langu lilikuwa la mwaka mmoja tu: ambaye hakuifungua akaunti yake alikosa haki yake. Mimi ningependa pesa taslimu.

Ukipata barua pepe ya fidia ya namna hii, usiifute ukidhani ni utapeli, wala usibonyeze kiungo chake. Ingia kwanza kwenye tovuti ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako uone kama kesi hiyo imetajwa.