ZSM-5 iliyofunikwa silika: para-zailini nyingi, kasi ndogo

Tumemaliza kukijaribu kichocheo cha ZSM-5, aina ya zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno), ambacho muuzaji wake anasema kimefunikwa silika kwa nje na kutiwa fosforasi kidogo, mahususi kwa kuunganisha methili ya methanoli na tolueni ili kupata para-zailini, mojawapo ya aina tatu za zailini (para, meta na otho) zinazotofautiana kwa mpangilio wa atomu tu. Nilikiagiza kwa shaka. ZSM-5 isiyorekebishwa, ambayo kampuni ya mafuta ya Mobil iliipatia hataza mwaka 1972, hutoa zailini zote tatu kwa uwiano unaokaribia msawazo (uwiano ambao mchanganyiko hutulia wenyewe), yaani para takriban asilimia 24 tu, huku meta, yenye wanunuzi wachache, ikijitwalia karibu nusu.

Chanzo cha tatizo ni uso wa nje wa punje. Mifereji ya ndani ina upana wa takriban nanomita 0.55, hivyo para hupita kwa wepesi ilhali meta na otho, zilizo nene zaidi, hujikokota. Lakini para ikishatoka hukutana na asidi iliyo juu ya uso na kugeuzwa tena kuwa meta. Silika huizima asidi hiyo na kuibana midomo ya mifereji.

Je, hiki kinafanya hivyo? Kinafanya. Mara ya kwanza tulidhani tumeuziwa kitu kibovu, kumbe kosa lilikuwa letu: mrija wa kawaida tuliouweka kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha na kupima kemikali na kuzichora kama vilima, huzitoa para na meta pamoja, kama kilima kimoja. Tulipoweka mrija wenye utando wa nta, kilima kiligawanyika, na kile cha para kikawa kirefu hata cha meta kikaonekana kama kichuguu pembeni.

Lawama yangu ni kwa cheti kilichokuja na kopo. Kinajivunia uteuzi wa para (sehemu ya para kati ya zailini zote) bila kutaja ni kiasi gani cha tolueni kilichobadilika, na hiyo ni nusu ya habari, kwa kuwa ukipitisha malighafi kwa kasi, hata kichocheo duni kitaonekana hodari. Tulipopunguza kasi, para iliendelea kuongoza ingawa kwa pengo dogo zaidi, na tolueni iliyobadilika ilikuwa chache kuliko kwa zeolaiti isiyofunikwa katika joto lilelile. Methanoli nayo hupenda kujigeuza olefini (hidrokaboni kama ethilini) badala ya kuungana na tolueni, kwa hiyo tolueni lazima izidi.

Baada ya kazi, punje zilitoka nyeusi kama makaa kwa kaboni iliyozigandia. Tulizichoma hewani kwa nyuzi 550 za Selsiasi, zikarudi kuwa nyeupe, na uteuzi ukabaki karibu palepale, maana yake silika haikubanduka. Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya bidhaa hii, na ajabu ni kwamba cheti hakiitaji. Anayetafuta wingi wa zailini bila kujali aina asikinunue. Mimi nitaagiza kopo la pili, ila safari hii nitadai takwimu za ubadilikaji kabla ya kulipa.