Malalo ya ng'ombe wa maziwa: nini ununue, nini ukiache dukani

Kabla hujatoa hela, ingia kwenye kizimba anacholala ng'ombe wako, simama pale anaposimama yeye, kisha jiachie upige magoti kwa ghafla. Usishike chuma. Kama umesita hata kabla ya kushuka, umeshajua kwa nini ng'ombe husimama muda mrefu akinusanusa sakafu bila kulala. Yeye hukunja miguu ya mbele, akashuka kidogokidogo, lakini kipande cha mwisho hakizuiliki: uzito unadondokea magotini. Ng'ombe wa kilo 500 au 600 hufanya hivyo mara kumi na kitu kwa siku.

Ukishapiga magoti, usiinuke upesi. Hesabu taratibu hadi 25, halafu tazama suruali. Ikiwa imelowa, basi na kiwele kinalalia maji hayohayo, tena kwa saa 12 hivi, maana huo ndio muda ambao ng'ombe wa maziwa anataka kulala kila siku. Akilala hucheua, damu hupita kwa wingi kwenye kiwele, na kwato hupumzika na kukauka. Akikosa pa kulala husimama, mara nyingi miguu ya mbele kizimbani na ya nyuma kwenye samadi, na baada ya miezi kadhaa unamwita daktari kwa ajili ya kwato huku chanzo ukiwa umekikanyaga mwenyewe.

Ugumu na unyevu, basi, ndivyo vipimo viwili nilivyotumia kupanga orodha hii. Cha tatu ni kile ambacho wauzaji hawakitaji: hicho kitu kikichafuka, kinakwenda wapi? Nimeona watu wakinunua malalo mazuri kabisa, kisha yakawashinda kwa sababu shimo la samadi halikuyapenda.

Neno moja kuhusu kizimba chenyewe, maana hakuna mkeka unaorekebisha ujenzi mbaya. Ng'ombe mkubwa anahitaji upana wa mita 1.2 hivi na urefu wa karibu mita 2.4, na mbele yake pawe wazi, kwa kuwa akiinuka hutanguliza sehemu ya nyuma na kurusha kichwa mbele ili apate nguvu. Ukimziba kwa ukuta atajifunza kuinuka kama farasi, miguu ya mbele kwanza. Ukiona hivyo, kosa ni la fundi. Sakafu iinamie nyuma kwa sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita ili mkojo utoke wenyewe. Hayo yakikaa sawa, twende dukani.

Namba 1: Mchanga mwingi, kama samadi yako inauruhusu

Ukimuuliza ng'ombe, hakuna kinachoushinda mchanga. Unafuata umbo la mwili wake, unampa mshiko anapoinuka, maji yanapita chini, na kwa kuwa ni madini matupu, bakteria hawapati chakula humo kama wanavyokipata kwenye mbao au majani. Ukitembelea shamba la mtu, usianze na matangi wala mashine. Angalia vifundo vya miguu ya nyuma. Penye mchanga unaotunzwa, manyoya huwa yamekamilika. Kifundo kilichonyonyoka au kuvimba kinakueleza habari ya malalo kuliko mwenye shamba atakavyokueleza.

Lakini si kila mchanga unafaa. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa sana, uiache mpaka kesho. Mchanga utatua chini na udongo laini utakaa juu yake kama utando wa maziwa. Utando ukiwa mnene, mwambie mwenye lori aondoke nao, kwa sababu mchanga wa namna hiyo hushika maji, na ukikauka hugeuka tofali. Unataka mchanga uliooshwa, wenye chembe ndogo zisizozidi milimita 2, usio na kokoto hata moja. Kokoto huingia kwenye ukwato na kukuletea kilema.

Weka kina cha sentimita 15 hadi 20, na uurudishe usawa wa ukingo wa nyuma kila unaposhuka. Watu wengi huujaza vizuri mara ya kwanza, kisha huuacha ukichimbika katikati kama bakuli. Vizimba vya mchanga vilipopimwa, ilionekana kwamba kila sentimita 1 mchanga unaposhuka, ng'ombe hupunguza dakika 11 hivi za kulala kwa siku. Ukishuka sentimita 6, umempotezea zaidi ya saa nzima.

Tatizo ni huko unakokwenda. Ng'ombe mmoja anaweza kutoa nje kilo 15 hadi 25 kwa siku kwa kuburuta na kwato zake. Mchanga huo hutafuna pampu, husaga vyuma vya kukwangulia, na hutua chini ya shimo la samadi mpaka siku moja unagundua nusu ya shimo si shimo tena. Mwenye mtambo wa biogesi asiufikirie kabisa: utajaza mtambo tumboni na kuuchimbua ni adhabu. Unaufaa mwenye kuzoa samadi kwa koleo au kwa trekta na kuitandaza shambani ikiwa nzito.

Namba 2: Mkeka wa mpira mzito, wenye matandiko juu

Hapa ndipo ningewapeleka wengi wenye ng'ombe wachache, na ndicho nilicho nacho mwenyewe. Mkeka hauumalizi ugumu wa zege, unaupunguza tu, ila ukiutandikia maranda makavu kidogo kila siku, magoti na vifundo hupona, na samadi inayotoka inaingia popote: shambani, kwenye mboji, kwenye biogesi.

Mikeka yangu ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, na nilijiona mjanja. Muuzaji alinionyesha picha nzuri, nami sikuomba kuinua hata mmoja. Ilikuwa myepesi, naibeba miwili kwapani. Mwezi wa tatu pembe zilianza kujikunja, mkojo ukapenya chini, na siku niliyofunua mmoja nilikuta uji mweusi unaochemka funza, harufu inayochoma macho. Ng'ombe alikuwa akilala juu ya hicho kitu kila usiku. Juma hilohilo mtamba mmoja alinasa ukwato kwenye pembe iliyojikunja akaanguka. Hakuvunjika, lakini hakukanyaga tena kizimba kile mpaka nilipokibomoa.

Kwa hiyo siku hizi nanunua kwa mikono. Kwanza uzito. Mpira mzito wa mita 1.2 kwa 1.8, wenye unene wa milimita 18 hivi, hukaribia kilo 45. Mtu mmoja anauinua kwa shida. Ukiinuka kirahisi, hiyo ni povu. Povu si dhambi, na baadhi yake ni laini kuliko mpira, lakini lazima lipigiliwe chini kingo zote, na kwato zenye nguvu hulichimba. Pili, sugua uso wake kwa kucha au funguo. Chembe zikibanduka kirahisi, mpira uliosagwa haukushikana vizuri, utamomonyoka. Tatu, geuza upande wa chini: pawe na vinundu au mifereji inayopitisha maji na kuongeza ulaini. Upande wa juu uwe na michoro isiyo na kina kirefu, maana mifereji mirefu hukusanya samadi na huwezi kuisafisha kwa ufagio.

Uliza pia namna mikeka inavyoungana. Ile yenye meno yanayoshikana kama vipande vya fumbo hukaa mahali pake zaidi ya ile inayowekwa pembeni kwa pembeni. Na usitandike juu ya zege lenye mashimo ukidhani mpira utalificha. Shimo lililo chini litajitokeza juu, na humo ndimo mkojo utakamotuama.

Kuhusu matandiko yenyewe: maranda makavu, yaani vile vipande vyembamba vinavyotoka kwenye randa, ni bora kuliko vumbi la mbao. Vumbi bichi, la mti uliokatwa juzi, ni hatari hasa. Lina unyevu na hubeba bakteria aina ya Klebsiella, ambao wakiingia kiweleni husababisha ugonjwa mkali usiosikia dawa kirahisi. Shika konzi, ifinye, fungua kiganja. Ikibaki tonge, irudishe. Chokaa kidogo nyuma ya kizimba husaidia kwa siku moja au mbili, lakini usiimwage kama unga wa kuoga: hupasua ngozi ya chuchu, na nyufa hizo ndizo nyumba mpya ya bakteria.

Namba 3: Godoro

Ni mfuko uliojazwa chembe za mpira au povu, ukafunikwa turubai gumu juu. Likiwa jipya linaushinda mkeka kwa mbali, na ng'ombe huliendea mbio. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya umri. Chembe hugandamana, katikati huzama, na kile kifuniko chenye mikwaruzo hukwangua vifundo kama msasa ukilisahau matandiko. Ukinunua, lipia kifuniko kizuri kabla ya kulipia unene, na uulize kama kifuniko kinauzwa peke yake, maana ndicho kitakachochanika kwanza. Yapo pia magodoro ya maji. Hayachoki kirahisi, ila ng'ombe huyaogopa mwanzoni na mfuko wako utayaogopa zaidi.

Namba 4: Zizi la mboji

Hili si bidhaa moja, ni mpango. Unaacha vizimba kabisa, unakuwa na uwanja mmoja mkubwa wenye paa, uliotandazwa maranda makavu, na unaulima mara 2 kwa siku hadi sentimita 25 chini ili hewa iingie. Likienda sawa, tumbo la malalo hufikia nyuzi 50 na zaidi, unyevu hupaa kama mvuke asubuhi, na juu panabaki pakavu. Ng'ombe hulala wapendavyo, ubavu kabisa, miguu imenyooshwa. Inapendeza kuona.

Ila unahitaji nafasi ya mita za mraba 8 hadi 10 au zaidi kwa kila ng'ombe, trekta dogo, upepo wa kutosha na maranda mengi mfululizo. Siku maranda yakikosekana sokoni, zizi hugeuka tope ndani ya juma moja, na tope hilo lina kila bakteria unayemjua. Kama huna uhakika wa maranda wa mwaka mzima, usianze.

Namba 5: Mabua na majani makavu

Ni laini, yana joto, na ndama huyapenda kuliko kitu kingine chochote. Kwa ndama ningeyaweka namba 1 bila kufikiri. Kwa ng'ombe anayekamuliwa, shida ni kwamba yanalowa chini huku juu yakionekana safi. Yanaanza kuchacha, joto linapanda, na ugonjwa wa kiwele unaingia bila kupiga hodi. Ukiyatumia, ongeza kila siku na usiyanunue yenye ukungu, hata ukipewa bure. Yakatwe mafupi, la sivyo yataziba mfereji na pampu.

Mwisho wa foleni: Zege tupu

Zege husafishika, ndiyo sifa yake pekee hapa. Liache kwenye njia za kupita, likiwa limechorwa mifereji ya kina cha milimita 10 ili kwato zishike. Sakafu laini ya zege ni ya karakana ya magari.

Baada ya kununua

Chochote utakachochagua, usimfukuzie ng'ombe ndani kwa fimbo siku ya kwanza. Mwachie anuse, na utandike kwa ukarimu juma lote la mwanzo. Wakitoka kukamuliwa wakute chakula kibichi horini, ili wasimame angalau nusu saa, maana tundu la chuchu huchelewa kufunga na malalo yoyote, hata yaliyonigharimu mimi, yana vijidudu.

Halafu, saa moja kabla ya kukamua, pita kimya na kalamu. Hesabu ng'ombe wote waliomo vizimbani, waliolala na waliosimama, hata yule aliyeingiza miguu miwili tu. Katika kila 100, waliolala wakifika 85, uko vizuri. Wakiwa 60, rudi ukapige magoti tena, na yule aliyelala njiani kwenye samadi muulize kwanza kizimba chake ni kipi.