Wine kwenye Ubuntu: nyota moja, tena ngoja kwanza

Programu yetu ya hesabu za korosho ni ya kizamani, ya Windows, biti 32. Laptopi yangu ina Ubuntu, yaani Linux, si Windows. Nikaambiwa weka Wine, itafungua programu za Windows bila kuwa na Windows. Nikaweka. Haikufungua kitu. Na msimu ndiyo umechanganya, magunia yanaingia ghalani, wakulima wamejaa dirishani wanauliza kilo zao, karani ni mimi. Nikampelekea fundi mmoja hapa Mtwara mjini.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikatoa mistari mitatu minne, yule kijana akaandika clear, yote yakafutika. Nikamwambia, "Mdogo wangu, si uyasome kwanza?" Akacheka. "Mzee, hizo kelele za mashine tu. Nikupigie Windows, elfu ishirini, jioni unachukua." Nikakataa. Akaongeza PPA, yaani ghala la programu la nje ya Ubuntu, sijui ya nani, akajaribu tena, ikagoma, akanitoza 10,000 ya kuangalia. Ya kuangalia! Mtu aliyekataa kuangalia!

Usiku umeme uliporudi (gesi inatoka Mnazi Bay, pua na mdomo, na bado tunauvizia umeme kama daku) nikaiwasha nikasoma neno kwa neno. Mashine ilikuwa inasema wazi: wine32 (sehemu ya Wine ya programu za biti 32) haipo, ruhusu kwanza i386, yaani vifurushi vya biti 32. Na amri zenyewe imeziandika: dpkg --add-architecture i386, kisha apt-get update, kisha apt-get install wine32. Yaani dozi imeandikwa juu ya chupa, na daktari kaitupa chupa.

Nikaandika kama ilivyo. Ikagoma! Eti vifurushi vinategemea vingine visivyoweza kuwekwa. Nikaanza kuamini labda kijana alisema kweli, Linux si ya watu wazima. Nusura nimpigie simu.

Kumbe ni ile PPA yake. Ilishapandisha maktaba fulani (faili ambazo programu nyingine huzitegemea) ya biti 64 hadi toleo jipya, na pacha wake wa biti 32 humo hayumo. Pacha hao apt, ambayo ndiyo inaweka programu kwenye Ubuntu, haiwakubali mpaka wawe toleo moja. Nikaing'oa kwa ppa-purge, ambayo inarudisha matoleo ya Ubuntu yenyewe, nikarudia wine32. Bando likakata katikati, nikanunua jingine usiku ule ule. Ikafunguka. Herufi mbaya, vitufe vimebanana, lakini kilo za watu zipo zote.

Basi ile nyota moja naifuta, Wine naipa nne. Au tatu, maana risiti zinatoka zimekatwa pembeni na bibi mmoja kanirudishia yake akisema jina lake limeliwa. Hapana, nne. Mwaka 2019 Ubuntu walitaka kuachana kabisa na i386, watumiaji wakapiga kelele mpaka vifurushi vya kazi kama hii vikabakizwa. Ningekuwepo ningepiga kelele zaidi ya wote.

Lile duka la fundi ni sifuri, na hapo sibadilishi. Ila juzijuzi kijana kanipigia. "Shikamoo mzee. Ile ya i386 inaandikwaje? Nina mteja hapa amekaa." Nikanyamaza mpaka akadhani simu imekatika. Nikamtumia zote tatu, na ya ppa-purge juu yake. Ile 10,000 hakuitaja.