Unguja–Pemba kwa ndege: nusu saa niliyoahidiwa

Shirika silitaji, lakini yaliyonikuta nayasema.

Miezi michache nyuma nilipigiwa simu alfajiri. Shangazi yangu wa Wete, Pemba, aliyenilea, amefariki, anazikwa baada ya Alasiri. Boti ya asubuhi nisingeiwahi, na hata ningeiwahi, inashusha Mkoani, kusini kabisa, na Wete iko kaskazini. Bado una kisiwa kizima cha kukikata kwa gari. Nikaona bora ndege. Uwanja wa Unguja na wa Pemba vimeachana kama kilomita 125, nusu saa tu angani. Nikapata tiketi ya saa sita mchana. Saa saba niko Chake Chake, uwanja wa Pemba ulipo, saa nane Wete. Muda ulitosha na kubaki.

Saa sita ikapita. Nimeshapimwa mimi na begi langu, kadi ninayo mkononi, ndege haipo. Nikaenda kwa kijana wa kaunta. Alikuwa anaangalia video, kidole kinapandisha tu, uso hakunyanyua. “Mzee wangu, ndege nusu saa tu, utafika.” Nikamwambia nina msiba. “Ndiyo, nusu saa tu.” Saa saba nikarudi, jibu lile lile. Saa nane, lile lile! Mchukuzi mmoja ndiye aliyenionea huruma akaniambia ndege inasubiri watalii wanaotoka bara, nao wamechelewa huko walikotoka.

Kijana alikuwa analijua hilo tangu mwanzo. Nusu saa ya angani ananihesabia mimi, saa tatu za benchi hazihesabu!

Tuliondoka saa tisa na robo. Na hapa lazima niwe mkweli, safari yenyewe sina la kuilaumu. Rubani alikuwa ameambiwa habari yangu, akageuka akanipa pole kabla hajawasha injini, akaniweka kiti cha nyuma yake. Tukaiacha Nungwi, bahari ikageuka buluu nzito, ule mkondo wenye kina kirefu kati ya visiwa viwili, kisha vilima vya Pemba vikatokea, kijani tupu, mikarafuu. Dakika 28 kwa saa yangu. Kijana wa kaunta hakusema uongo kuhusu anga.

Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba msipande. Lakini mwenye mgonjwa au mwenye haraka ya kweli nitamwambia nini, akalale kwenye boti? Pandeni, ila msimwahidi mtu saa ya kufika mpaka muone ndege imetua mbele yenu. Hapana, hata hilo naona nawapa nafuu wasiyostahili. Ndege ikichelewa si dhambi. Kumficha mfiwa kwamba imechelewa ni dhambi, na mimi mpaka leo sijaombwa radhi.

Maana kila nilipotoka pale kaunta, binamu yangu alikuwa ananipigia kuuliza kama wasubiri, na mimi nikimpa maneno ya yule kijana: nakuja, nusu saa tu.

Nilifika Wete jua limeshalegea. Watu wanatoka makaburini, udongo bado mbichi, majembe yameegemezwa kwenye mnazi. Binamu yangu akanishika mkono, macho mekundu, akasema, “Kaka, tulikungoja. Ulisema nusu saa.”